Makundi ya Usenet kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiitaja Usenet mbele ya vijana ninaowafundisha kompyuta, swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, hiyo ni app gani?" Si app. Ni mahali pa kuongea palipoanza kabla wengi wao hawajazaliwa, na bado pana watu. Majibu haya nimewaandikia wao, pamoja na yeyote aliyezoea makundi ya WhatsApp na anayetaka kuingia huku bila kujikwaa mlangoni.

Usenet ni nini hasa?

Ni mkusanyiko wa makundi ya majadiliano, maelfu kwa maelfu, yanayobebwa na seva nyingi duniani, yaani kompyuta zinazohifadhi jumbe na kupeana. Kila kundi lina mada yake. Lipo la lugha ya kuprogramu ya C, lipo la ufundi wa vifaa vya elektroniki, lipo la baiskeli, lipo la bustani. Unaandika ujumbe, mwingine anakujibu, wa tatu anamjibu yule wa pili, na majibu yote yanajipanga chini ya ujumbe wa kwanza. Mfuatano huo ndio tunaouita uzi.

Kinachoitofautisha na karibu kila kitu unachotumia leo ni kwamba haina mwenyewe. Kundi la WhatsApp lina admin, na juu ya admin kuna kampuni. Usenet haina ofisi kuu, haina mkurugenzi, wala hakuna anayeweza kuizima kwa kubonyeza kitufe kimoja. Seva yako ikifungwa leo, kesho unajiandikisha kwenye nyingine na kuukuta mjadala uleule, pamoja na watu walewale uliowaacha jana. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuijua, hata kama hutaandika kitu.

Ilianza lini, na nani aliianzisha?

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina, Marekani, walitafuta njia ya kompyuta za vyuo kupeana habari. Majina yao ni Tom Truscott na Jim Ellis. Steve Bellovin, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, jirani kabisa na Duke, ndiye aliyeandika programu ya kwanza ya majaribio. Mwaka 1980 wakaitangaza kwa wengine.

Wakati huo mtandao wa ARPANET ulikuwepo, ila ulikuwa wa taasisi zilizokuwa na mikataba na serikali ya Marekani. Vyuo vingine vilibaki nje. Hawa vijana wakatumia walichokuwa nacho, yaani simu ya kawaida. Kompyuta moja inaipigia nyingine, zinabadilishana jumbe mpya, zinakata. Wenyewe waliuita mpango wao ARPANET ya maskini.

Kama haina makao makuu, ujumbe wangu unawafikiaje watu?

Unapita kwa majirani. Ukituma ujumbe, unaingia kwenye seva yako kwanza. Seva hiyo ina seva jirani ilizokubaliana nazo, na inaziambia: nina ujumbe mpya wenye namba hii, mnao? Asiyekuwa nao anauchukua, kisha naye anawauliza majirani zake. Kila ujumbe una namba yake isiyofanana na ya mwingine, na juu yake pana orodha ya seva ulikopitia, kwa hiyo haurudi mara ya pili mahali ulipokwisha kufika. Enzi za simu ujumbe uliweza kuchukua siku kadhaa kuzunguka. Siku hizi ni sekunde au dakika chache.

Lugha ambayo seva hutumia kuongea inaitwa NNTP, na ilitoka mwaka 1986 ili habari zipite kwenye intaneti badala ya kupigiana simu. Huna haja ya kuijua zaidi ya hapo.

Kuna jambo moja la kukumbuka kutokana na utaratibu huu. Kwa kuwa nakala ziko kila mahali, seva mbili zinaweza kutofautiana kwa muda. Unaweza kuliona jibu kabla hujaliona swali. Usishtuke, subiri kidogo.

Majina kama comp.lang.c yanasomwaje?

Kushoto kwenda kulia, kutoka palipo papana kwenda palipo pembamba, kama unavyotaja mkoa, wilaya, kisha kata. Comp ni mambo ya kompyuta, lang ni lugha za kuprogramu, na c ni lugha ya C yenyewe.

Sehemu ile ya kwanza ni kama ukoo. Koo kuu zilipangwa katika mageuzi makubwa ya majina ya mwaka 1986 na 1987, na zilikuwa saba: comp, sci ya sayansi, rec ya burudani na michezo, soc ya jamii na tamaduni, news inayohusu Usenet yenyewe, talk ya mabishano, na misc ya mchanganyiko. Mwaka 1995 ukaongezwa wa nane, humanities. Ukoo wa talk ulitengwa kwa makusudi. Kulikuwa na seva zilizolipia laini ghali za kuvuka bahari, na wasimamizi wake hawakuona sababu ya kugharamia ugomvi wa dini na siasa za watu wengine. Ukiwekwa kando, wangeweza kuuacha.

Si wote waliofurahia. Brian Reid, aliyekuwa akiendesha kundi la mapishi, hakupenda lilivyopangiwa jina jipya. Yeye na wenzake wakaanzisha ukoo wa alt mwaka 1987, ambako kuanzisha kundi hakuhitaji idhini ya kamati. Alt ikakua kuliko koo nyingine zote. Ndani yake utakuta vitu vizuri sana na takataka nyingi sana.

Nahitaji nini ili niingie?

Vitu viwili: seva na programu ya kusomea.

Kwa seva, anayeanza namshauri Eternal September, iliyoko Ujerumani. Ni ya bure, inabeba makundi ya maandishi tu, na unajiandikisha kwa barua pepe. Ziko pia seva za kulipia, lakini wateja wake wengi wanafuata mafaili makubwa, si mazungumzo. Usitoe hela kabla hujajua unatafuta nini.

Kwa programu, Thunderbird inatosha. Ni ileile ya barua pepe, iko kwa Windows, Mac na Linux, na ni ya bure. Unaongeza akaunti mpya ya aina ya Newsgroup, unaandika anwani ya seva, news.eternal-september.org, unaweka mlango namba 563 kwa muunganisho uliofungwa kwa siri (119 ni ule wa wazi), kisha jina na nywila ulizopewa. Itakuuliza kama unataka orodha ya makundi. Kubali, kisha tafuta neno linalokuvutia. Wanaopenda kufanya kazi kwenye dirisha jeusi la maandishi wana slrn na tin. Watu wa Linux wana Pan pia.

Kwenye simu ni tabu kidogo. Thunderbird ya Android ni ya barua pepe peke yake. Kama una kompyuta, anza na kompyuta.

Itakula bando langu?

Kidogo mno. Ujumbe wa maandishi kwa kawaida ni kilobaiti chache, hivyo picha moja ya simu ina uzito wa mamia ya jumbe. Unaweza kuunganisha kwa dakika mbili, ukapakua jumbe mpya za makundi yako, ukakata, ukasoma na kuandika majibu bila mtandao, halafu ukaunganisha tena na kuyatuma. Nimewaonyesha wanafunzi hili pale umeme unapokuwa wa mashaka na mtandao ukisuasua, na ndilo linalowafanya wakae vizuri kwenye viti. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya laini dhaifu za simu za mwaka 1979 kinatufaa sisi wa bando la siku.

Nimeshaingia. Niandike nini kwanza?

Usiandike. Soma.

Soma kwa wiki mbili, au tatu ukiweza. Jua nani huwa anajibu kwa uhakika na nani ni mchokozi tu. Angalia maswali gani yameshajibiwa mwezi uliopita. Makundi haya yana wazee wake, watu waliokaa humo miaka ishirini au thelathini. Huwezi kufika barazani kwa watu, ukaketi katikati na kuanza kuongea kabla hujatoa salamu.

Ukitaka tu kujua kama mitambo yako inafanya kazi, yapo makundi maalumu ya kujaribia, kama alt.test na misc.test. Andika "jaribio" huko na hutamkera mtu. Usijaribie kwenye comp.lang.c.

Baadaye, ukiona swali ambalo unalijua, lijibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na humo pia jina la mtu hukua kwa majibu anayowapa wengine.

Kwa nini wananiambia nisome FAQ, yaani orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara na majibu yake? Si wangenijibu tu?

Kwa sababu huenda swali lako limeulizwa mara mia tatu, na jibu zuri liliandikwa na mtu aliyejitolea usiku wake.

Aina hii ya maandishi, hata ukurasa huu unaousoma, imekulia humo. Neno lenyewe lilianzia kwa watu wa NASA mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini Usenet ndiyo iliyolisambaza. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Diski zilikuwa ndogo, seva zilifuta jumbe za zamani baada ya siku au wiki chache, na jibu likifutwa, swali linarudi. Wenyeji wakaamua kuyakusanya majibu katika waraka mmoja na kuutuma upya kila mwezi. Likaanzishwa hata kundi la kutunza nyaraka hizo peke yake, news.answers. Ukielekezwa kwenye FAQ hujafukuzwa. Umepewa kazi ya watu wengi kwa mara moja.

Namna gani ya kujibu inakubalika?

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosana na wenyeji, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nukuu maneno unayoyajibu, na yale tu. Programu itaweka alama ya > mbele ya kila mstari ulionukuliwa. Futa yasiyohusika, kisha andika jibu lako chini ya maneno hayo, si juu yake. Kama kuna hoja tatu, nukuu ya kwanza na ujibu chini yake, halafu ya pili, halafu ya tatu. Barua pepe za ofisini zimetuzoesha kuandika juu na kuacha mkia wote wa mazungumzo uning'inie chini. Kwenye Usenet hilo linachukiwa, na lina sababu. Msomaji anaweza kuwa ameupata ujumbe wako bila ule wa kabla yake, kwa hiyo jibu lako linatakiwa lieleweke likiwa peke yake, likisomwa kutoka juu kwenda chini kama mazungumzo.

Andika maandishi matupu, bila rangi wala herufi za mapambo. Mistari isizidi herufi 72 hivi, ili hata ikinukuliwa mara mbili tatu isikatike vibaya. HERUFI KUBWA ni kelele. Sahihi yako ya mwisho isipite mistari minne. Usiambatishe picha kwenye kundi la maandishi, weka mahali pengine na utoe anwani yake.

Kichwa cha mada kiseme kitu. "Naomba msaada" hakisemi kitu. "Redio inakoroma baada ya kubadilisha kapasita" kitamvuta fundi hata kama alikuwa akielekea kulala.

Tofautisha pia vitufe viwili: kimoja hujibu kwenye kundi zima, kingine hutuma barua pepe kwa mwandishi peke yake. Angalia kabla hujabonyeza. Maneno ya faragha yaliyoangukia kundini hayaokoteki.

Nimeona ujumbe wenye herufi zisizosomeka, kama "CVYNH". Ni virusi?

Hapana, hiyo ni pilau. Ni mtindo uitwao ROT13, ambapo kila herufi inasogezwa hatua 13 katika alfabeti ya herufi 26, ukihesabu Q na X tusizozitumia sisi. P inakuwa C, I inakuwa V, na kadhalika. Ukizisogeza tena hatua 13 unarudi ulikotoka. Si siri ya kweli. Ni pazia jembamba la kumfichia asiyetaka kujua mwisho wa filamu au jibu la kitendawili mpaka aamue mwenyewe kulifunua.

Naweza kutuma ujumbe mmoja kwenye makundi mengi?

Mawili au matatu yanayohusika kweli, sawa, mradi uyataje yote kwenye mstari mmoja wa anwani. Programu ya msomaji itajua kuwa ni ujumbe mmoja, na akishausoma kwenye kundi la kwanza hataukuta mpya kwenye la pili. Kosa ni kutuma nakala tofauti kila kundi.

Kosa hilo lina historia inayotugusa. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mtu na mkewe, Laurence Canter na Martha Siegel, walitangaza huduma yao ya kujaza fomu za bahati nasibu ya Green Card kwenye makundi zaidi ya 5,000, nakala kwa nakala. Aliyesoma makundi kumi alilikuta tangazo mara kumi. Hasira zilikuwa kubwa kiasi kwamba malalamiko yaliiangusha seva ya kampuni iliyowapa mtandao, si mara moja. Na bahati nasibu yenyewe haikuwa na ada ya kuingia. Ukipita leo kwenye maduka ya steshenari ya miji yetu msimu wa Green Card, ukakuta kibao cha "tunajaza fomu", ujue biashara hiyo ni miongoni mwa zile za kwanza kabisa kuwajaza watu ujumbe taka mtandaoni.

Septemba isiyoisha ni nini?

Zamani kila Septemba vyuo vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya, nao waliingia Usenet kwa mara ya kwanza na kuuliza ovyo. Wenyeji walivumilia. Kufika Oktoba au Novemba wageni walikuwa wameshajua adabu. Kuanzia 1993 na mwanzoni mwa 1994 kampuni za kuuza intaneti majumbani, AOL ikiwa kubwa yao, zikafungulia wateja wao mlango, na wageni hawakuja tena kwa msimu. Wakazidi wenyeji. Septemba ya 1993 ikaitwa ile ambayo haijaisha, na seva niliyoitaja juu imechukua jina lake hapo.

Wenye kumbukumbu za wakati ule huwalaumu wageni. Mimi siungi mkono lawama hiyo. Waliokuja walikuwa na haki ya kuja. Kilichokosekana ni muda wa kuwafundisha.

Kuna kitu chochote cha maana kilichowahi kutokea humo?

Tarehe 6 Agosti 1991 Tim Berners-Lee wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, alieleza mradi wake wa World Wide Web katika kundi la alt.hypertext, na kuwakaribisha watu waujaribu. Tarehe 25 mwezi huohuo mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika katika comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji kwa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa, na angependa kusikia watu wanataka nini ndani yake. Huo ndio Linux, na Android iliyo kwenye simu yako imejengwa juu ya kiini chake. Lugha ya kuprogramu ya Python nayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo katika alt.sources.

Nikiwasomea wanafunzi ujumbe ule wa Torvalds hukaa kimya. Ni mtu wa umri wao, anaomba maoni.

Si nilisikia Google wameifunga?

Google wamefunga mlango wao, si nyumba. Mwaka 1995 ilianzishwa Deja News, iliyohifadhi jumbe na kuwezesha watu kuzitafuta. Google wakainunua mwaka 2001 na kuongeza kumbukumbu za nyuma hadi 1981, nyingi zikitoka kwenye kanda za sumaku alizozitunza Henry Spencer katika Chuo Kikuu cha Toronto. Tarehe 22 Februari 2024 Google Groups iliacha kupokea na kuonyesha jumbe mpya za Usenet. Za zamani bado zinatafutika humo.

Chuo cha Duke pia kilizima seva yake mwaka 2010, na ndiko ilikozaliwa. Usenet ikaendelea. Kuondoka kwa Google kuliyapunguzia makundi mengi mafuriko ya matangazo yaliyokuwa yakipitia hukohuko.

Jina langu na barua pepe yangu vitaonekana?

Ndiyo, vile ulivyoviandika kwenye mipangilio. Wapo wanaokusanya anwani kwa ajili ya matangazo, kwa hiyo tumia anwani ya pembeni, au malizia anwani yako na .invalid, mtindo unaokubalika. Namba ya simu usiweke kamwe.

Nikijutia nilichoandika, naweza kufuta?

Usitegemee. Amri ya kufuta ipo, lakini seva nyingi huipuuza kwa sababu watu waliitumia kufutia jumbe za wengine. Nakala zikishasambaa zimesambaa. Ukiwa na hasira, hifadhi jibu kama rasimu ulale nalo.

Mtu ananichokoza. Nimshtaki wapi?

Makundi mengi hayana msimamizi. Machache yanaye, na humo kila ujumbe hupitiwa kabla haujatoka. Kwingine, dawa iko mikononi mwako: mweke kwenye orodha ya kupuuza ya programu yako, usimwone tena. Usimjibu hata mara moja ya mwisho.

Yapo makundi ya kwetu?

Lipo soc.culture.african, na lipo soc.culture.kenya. Miaka ya 1990 walioandika humo wengi walikuwa Waafrika walioko vyuoni Ulaya na Marekani, kwa kuwa huko ndiko intaneti ilikokuwa, na waliandika zaidi Kiingereza. Leo hayana pilikapilika zile. Anayeanza namshauri afuate kazi yake au anachokipenda, kabla ya kufuata jina la nchi. Fundi redio atapata majibu haraka kwenye sci.electronics.repair.

Je, tunaweza kuanzisha kundi la Kiswahili?

Katika koo nane kuu, unapeleka pendekezo kwenye news.groups, linajadiliwa, na bodi inayosimamia koo hizo inaamua. Watauliza watu wako wapi. Katika alt ni rahisi zaidi. Jambo hujadiliwa alt.config, kisha amri ya kuunda kundi hutumwa, lakini kila seva huamua yenyewe kulibeba au kutolibeba.

Kwa hiyo njia yangu ingekuwa kuanza bila kundi jipya. Watu watano waingie soc.culture.african, waandikiane Kiswahili kila wiki, na kila uzi uanze na neno Kiswahili kwenye kichwa cha mada, ili asiyekisoma aruke na anayekisoma asimame.